Moshi wa Kobe

4 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Natumaini hamjambo nyote, na goti la mkaza mjomba limeacha kumsumbua. Mimi ni mzima. Huku kilimani simu haishiki hata ukipanda juu ya paa, ndiyo maana unaona barua. Dereva wa lori la maziwa amekubali kuzishusha na kunipandishia majibu.

Nina shida na Kobe. Kobe ni ile pikipiki ya matairi manne niliyokabidhiwa nilipohamishiwa kituo hiki cha mifugo. Kazi yake ni kupandisha chanjo za mbuzi kwa wafugaji wa mgongoni mwa mlima, kule juu kabisa, ambako gari halifiki, na ukienda kwa miguu barafu ya kwenye boksi inageuka maji kabla hujaona hata zizi moja. Mwanzoni alikuwa mzuri. Sasa nikimwasha asubuhi anatoa moshi mpaka stoo haionekani. Nikifika kilima cha kwanza anakohoa, anazima. Nikingoja anawaka, anasogea kidogo, anazima tena. Juzi nilirudi namsukuma, na wanafunzi waliokuwa wanatoka shule walinisaidia huku wakinicheka kwa zamu.

Mkuu wa kituo amemwita mkaguzi wa vyombo kutoka makao makuu. Atakuja tarehe 26. Akimkuta Kobe katika hali hii ataandika kwamba injini imekufa, watamchukua, na mimi nitarudi mezani kujaza fomu za ngozi. Mbuzi wa mgongoni hawatachanjwa kabla ya mvua, na homa ya mapafu imeshaingia bonde la pili.

Namtunza kama ulivyotulea sote. Kila jioni namlaza mteremkoni mbele ya stoo, pua ikitazama chini, tayari kusukumwa. Kila asubuhi, kabla sijamwasha, napima oili palepale alipolala. Sijui nakosea wapi. Nisaidie, sina fundi mwingine.

Mpwa wako


6 Machi

Kwako Daktari wa Mbuzi,

Marahaba. Barua yako imenikuta gereji nimezungukwa na wateja, mmoja analia gia, mwingine analia breki. Nikawaambia wote wangoje, damu yangu inaniita. Wakangoja. Wangeenda wapi?

Kwanza kaa chini unywe maji. Pikipiki ya matairi manne kwangu mimi ni kama kijiko mezani. Nimetengeneza za namna hiyo nyingi mpaka nimeacha kuhesabu. Unasema moshi mpaka stoo haionekani. Huo mwanangu ni mvuke wa chai. Mimi nililetewa trekta lililotoa moshi kuku wa mtaa mzima wakadhani jua limezama, wakaingia bandani mchana kweupe. Jogoo mmoja alichanganyikiwa, hakuwika tena mpaka siku alipoingia chunguni. Na trekta lile nililiponya kwa bisibisi na ulimi. Ulimi ni wa kuonjea petroli. Vijana wa siku hizi hawaonji, wanatazama tu kama watalii.

Sasa sikiliza. Injini ikikohoa kilimani, mtuhumiwa wa kwanza ni maji. Huko kwenu kuna ukungu, na tanki likikaa nusu linatoa jasho kwa ndani. Chini ya kabureta kuna kabakuli kadogo, na chini ya kabakuli kuna skrubu. Ilegeze, kinga kitakachotoka kwenye chupa ya kioo, kisha iache chupa itulie. Maji yatakwenda chini, petroli itabaki juu. Ukiyaona, mwaga tanki lote ujaze petroli mpya, na kesi imefungwa.

Kuhusu kumlaza mteremkoni, hapo umenipa raha. Nimemsomea mkaza mjomba wako sehemu hiyo kwa sauti. Tangu lile lori langu la kwanza lililokuwa halina stata, katika ukoo huu chombo hakilali tambarare. Baiskeli ya marehemu babu yako ililala mteremkoni. Toroli letu la kubebea maji linalala mteremkoni mpaka leo, ingawa mkaza mjomba wako analalamika kwamba linamkimbia. Endelea hivyo hivyo.

Ningekuja mwenyewe, ila nikitoka hapa mji mzima utasimama.

Mjomba wako,
Fundi wa Mafundi


9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nimefanya yote. Chupa imekaa dirishani tangu jana na hakuna hata tone la maji. Petroli ni safi, ungeweza kusoma gazeti ukitazama kupitia chupa. Nimejaza mpya hata hivyo. Kobe amewaka, ametoa moshi uleule, amezimia palepale kwenye kilima cha kwanza. Sasa hata mbuzi wa jirani wanajua pale ndipo anapozimia, wanakuja kulamba tairi.

Hukuniuliza rangi ya moshi. Ni mweupe unaoelekea ubuluu, na unanuka kama sufuria iliyosahauliwa jikoni na mafuta ndani.

Mkuu wa kituo alikuja akasimama, mikono nyuma, akatazama moshi mpaka ulipoisha. Si mtu mbaya, ila amechoka kuniona nasukuma. Akasema pistoni imekwisha, nianze kuandaa karatasi za makabidhiano. Nikamwambia mjomba wangu ni fundi na analishughulikia. Akauliza analishughulikia kutoka wapi. Nikainama kukaza skrubu.

Mpwa wako


11 Machi

Daktari wa Mbuzi,

Marahaba. Vizuri sana. Ile ya maji nilikuwa nakupima tu mikono, nione kama unaweza kufungua skrubu bila kulia. Umefaulu. Sasa tuingie kazini.

Mwambie mkuu wako pistoni haiishi kwa kutazamwa mikono nyuma. Mimi niliwahi kuendesha lori lililokufa gia zote za mbele. Nililipandisha mlima mzima kinyumenyume, na mzigo wa saruji, mpaka juu. Shingo ilikaa imegeukia nyuma wiki nzima, nikawa nakula huku nimeipa sahani kisogo, mkaza mjomba wako ni shahidi. Tajiri wa lori alisema injini imekwisha. Nilipoifungua, pistoni zilikuwa zinang'aa kama meno ya bibi harusi.

Fanya hivi. Toa plagi. Ziba tundu lake kwa kidole gumba, mtu mwingine abonyeze stata. Kama kidole kinabaki kimetulia, hapo tuna msiba. Kama kinasukumwa kwa nguvu mpaka unashindwa kukizuia, pistoni ni nzima na mkuu wako aende akapumzike.

Moshi mweusi ni petroli iliyozidi. Huo wa kwako mweupe wa buluu ni oili inayoungua. Mahali fulani oili inaingia chumba ambacho haikualikwa. Itazame hiyo plagi vizuri uniandikie iko namna gani. Isugue kwa brashi ya waya uirudishe.

Usiandae karatasi yoyote ya makabidhiano. Ukiwa na nafasi andaa ya kuongezewa mshahara.

Fundi wa Mafundi


14 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Kidole kilirushwa kwa mlio, mpaka karani aliyekuwa anabonyeza stata akaruka. Kwa hiyo hapo tuko salama, nadhani. Plagi ilikuwa imelowa oili, nyeusi na laini kama imepakwa masizi yenye samli. Niliisugua, nikairudisha, na Kobe akapita kilima cha kwanza kama chombo kipya. Nilikuwa nimeanza kuimba. Kona ya pili akakohoa, akazima. Nilipotoa plagi ilikuwa imelowa tena.

Kuna jambo sikukwambia kwa sababu nilidhani ni la kawaida. Kobe amekuwa mlevi wa oili. Kila asubuhi nikichomoa kijiti cha kupimia kinatoka kikavu. Naongeza mpaka alama. Kesho yake kikavu tena, naongeza tena. Chini hakuna dimbwi la maana, ni vitone tu kwenye majani. Nilimwambia mkuu, naye akasema basi huo ndio ushahidi wenyewe, chombo kinachokunywa oili kinaila pistoni yake. Kidole gumba hakikumshawishi.

Leo ameshuka mama mmoja wa mgongoni. Ametembea tangu alfajiri, amebeba mbuzi mmoja anayekohoa kama mzee wa sigara. Alitaka kujua nitapanda lini. Zizi lake liko karibu na kisima, na mbuzi wa watu wote wanapita hapo kunywa. Nikamwambia kabla ya mvua. Alinitazama, akasema:

"Mwanangu, kama haiwezekani niambie, nianze kuuza wakiwa bado wanasimama."

Nikamwambia inawezekana. Sikumwambia kwamba nimeiegesha mashine nzima kwenye barua za mjomba wangu.

Kwa hiyo na mimi nakuomba hivyohivyo. Kama Kobe amekufa, niambie ukweli. Afadhali nisikie kwako kuliko kwa mkaguzi.

Mpwa wako


20 Machi

Daktari wa Mbuzi,

Marahaba. Nimekaa kimya siku hizi makusudi, nilitaka jibu liive. Fundi mzuri hapakui chakula kikiwa bado kinatokota.

Juzi nilikuwa nanyoa ndevu, sina hili wala lile, nikacheka mwenyewe mpaka nikajikata kidevu. Jibu lilikuwa limenijia lote kama mtu kafungua pazia. Kobe hanywi oili, mwanangu. Kobe anazamishwa.

Tazama. Unamlaza mteremkoni, pua chini. Oili yote inakimbilia puani. Kijiti cha kupimia kiko nyuma. Unakichomoa, ni kikavu, unamhurumia, unamwongezea. Akienda tambarare ana oili ya makobe wawili. Injini ikizunguka inaipiga kama maziwa ya mgando, oili inatafuta pa kutokea, inapanda kwenye lile bomba la kupumulia, inaingia kwenye boksi la hewa, inalowesha chujio. Hewa haipiti, oili inaungua, plagi inalowa, moshi unatoka, chombo kinazima. Kesho asubuhi unampima tena mteremkoni, unamwongezea tena.

Ile sheria ya mteremkoni ni ya malori. Nashangaa nani aliwaambia inahusu na makobe.

Sasa fanya kama ninavyokwambia, usiruke. Mpeleke kwenye sakafu iliyonyooka. Usiamini macho, weka bakuli la maji juu ya kiti, maji yakikaa sawa pande zote ndipo pa kazi. Acha injini ipoe, pima, nawe utaona mwenyewe. Fungua bolti ya chini utoe oili kidogo kidogo, pima, toa, pima, mpaka ikae katikati ya alama mbili. Kisha inua kiti, fungua boksi la hewa. Chujio lake ni sifongo. Lifue kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kama unavyofua shati la mtu unayempenda, ulikamue bila kulinyonga, likauke kivulini kabisa. Kabla hujalirudisha lipake oili kidogo sana, liwe na unyevu wa kiganja, lisichuruzike. Chini ya boksi kuna mpira mwembamba umezibwa mwishoni. Uzibue, utamwaga uchafu mwingi, uuzibe tena.

Nimekufungia plagi mpya ndani ya soksi ili isigongwegongwe njiani. Ukimwasha atatoa moshi tena kwa muda. Usikate tamaa, ni oili ya zamani inaungua kwenye bomba la moshi. Mwache atapike.

Hujafiwa na mtu huko. Mwambie yule mama asiuze.

Fundi wa Mafundi


20 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu. Mjomba wako amekwenda kumtafuta dereva wa lori, na mimi nachomeka hii ndani ya soksi, chini ya plagi. Hajui.

Uliomba ukweli, kwa hiyo chukua na huu. Mjomba wako hajawahi kutengeneza mashine ya namna hiyo. Hajawahi hata kuikalia. Barua yako ya mwisho ilipofika alinitaka nimsomee, akidai miwani ina vumbi. Nilipofika pale uliposema uambiwe kama Kobe amekufa, aliniambia nirudie. Hakujigamba siku ile nzima, mpaka nikadhani ana homa.

Asubuhi akavaa viatu vyake vya sherehe, akaenda kwa miguu mpaka shamba la maua, kule ng'ambo ya reli. Msimamizi wao ana mashine kama yako ya kuzungukia mashamba. Sijui aliwaambia nini. Nilivyosikia kwa mke wa mlinzi, alisema ametumwa kufanya uchunguzi. Wakamwachia. Na yeye, kama unavyomjua, kitu cha kwanza akaisogeza mteremkoni pale getini, pua chini. Akapima oili, akatikisa kichwa, akawaambia mbele ya wafanyakazi wote kwamba hawajui kutunza chombo. Akaijaza. Akakaa nayo siku ile, akiipima na kuijaza. Jioni msimamizi akaiwasha aende kufunga maji, na shamba la maua likapotea kwenye moshi. Mashine ikazimia katikati ya maua ya watu.

Msimamizi alimwambia haondoki mpaka iwe kama alivyoikuta. Akalala chini yake mchana mzima, na wa pili yake, kwenye matope, na viatu vya sherehe miguuni. Ndiyo maana jibu lilichelewa. Alirudi na oili mpaka masikioni, anaimba. Hakunisalimu. Aliniuliza bakuli la maji liko wapi, akaliweka juu ya toroli langu kule mteremkoni, akalitazama likimwagika, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Ndevu hajanyoa mpaka leo.

Sikuambii ili umcheke, ingawa mimi nimecheka vya kutosha. Nakwambia kwa sababu atakapokuja kuisimulia hii mbele ya ukoo, itakuwa imeshaota mkia na mabawa, na nilitaka mtu mmoja awe anajua alivyolala kwenye matope. Choma hii karatasi au itunze, ila asiione.

Mkaza mjomba wako


29 Machi

Mjomba,

Shikamoo, tena shikamoo ya kupiga goti.

Nilimpeleka Kobe kwenye banda la kuogeshea mbuzi, ndiyo sakafu pekee ya saruji iliyonyooka hapa. Niliweka bakuli juu ya kiti. Karani alikuja, akatazama bakuli, akanitazama mimi, akaondoka bila kuuliza. Nilipochomoa kijiti kilikuwa kimelowa mpaka kwenye vidole vyangu. Niliyoitoa ilijaza sufuria ya kituo. Sifongo lilikuwa kama mkate uliosahauliwa kwenye chai. Nililifua, likakauka, nikarudisha kila kitu, nikaweka plagi yako mpya.

Alipowaka alitoa moshi kuliko siku zote. Mkuu alitoka ofisini na kikombe chake. Nilikumbuka ulivyosema nimwache atapike, nikasimama pale mikono nyuma kama mkuu mwenyewe, nikijifanya sina wasiwasi. Moshi ukapungua. Ukawa uzi. Kisha hakuna, injini tu, inanguruma kama paka aliyeshiba. Mkuu akanywa chai yake yote akiwa amesimama. Akasema, "Mwambie huyo mjomba wako aje siku moja atazame na gari langu."

Mkaguzi alikuja tarehe 26 kama ilivyopangwa. Ni mama mfupi, mwenye mabuti ya mpira na maneno machache. Alimpanda Kobe mwenyewe mpaka kilima cha kwanza, akakipita, akapotelea huko, akarudi na majani kwenye nywele. Alipima oili bandani. Akauliza swali moja tu, kwa nini majani ya mteremkoni yamekufa kwa vitone vya oili. Nikamweleza sheria ya ukoo wetu, ya kulaza chombo tayari kwa kusukumwa. Alicheka mpaka akashika ukuta. Akaniambia klachi ya mashine hii inajifunga yenyewe injini ikishawaka tu, kwa hiyo haiwaki kwa kusukumwa hata uitupe kutoka juu ya mlima. Kisha akasaini. Kobe ni wangu.

Juzi nimepanda mgongoni. Nilipofungua boksi barafu ilikuwa bado barafu, nikaishika makusudi mpaka vidole vikaniuma, kwa raha tu. Nimechanja mbuzi wa kisima kile wote waliokuwa wazima. Yule anayekohoa yuko peke yake nyuma ya nyumba, anapewa dawa, anakula. Mama hakuuza hata mmoja. Wakati nafunga boksi mvua ya kwanza ilikuwa inaonekana kwa mbali.

Akaniuliza nani aliyetengeneza mashine. Nikamwambia mjomba wangu, fundi, ametengeneza nyingi za namna hii. Yule mama hapitwi na jambo. Akauliza, "Nyingi ngapi?" Nikamwambia nitakuuliza.

Mkaza mjomba mwambie soksi ilifika salama, na vyote vilivyokuwamo.

Mpwa wako


2 Aprili

Daktari wa Mbuzi,

Marahaba. Habari zako zimefika na nimezisoma mwenyewe, miwani ni safi. Nimezisoma gereji mbele ya wateja, hasa pale mkuu alipokunywa chai amesimama. Mmoja wao ameniomba nirudie.

Hilo la klachi kwamba haiwaki kwa kusukumwa nililijua tangu mwanzo, nilikuwa nangoja uligundue mwenyewe, ndivyo mtu anavyokomaa. Mkaguzi huyo anaonekana anajua kazi. Akihitaji msaada, anipate. Gari la mkuu mwambie alete, ila alilete limezimwa, nitalisikiliza kwanza likiwa kimya. Sasa hivi Jumamosi zangu zimebanwa kidogo, kuna shamba moja la maua wananitegemea sana.

Toroli nimelihamishia tambarare. Mkaza mjomba wako alilalamika miaka yote kwamba linamkimbia, nikaona basi.

Jambo moja. Mimi katika soksi niliweka plagi, plagi tu. Wewe unaandika vyote vilivyokuwamo. Nimemuuliza mwenye soksi. Tangu asubuhi anapepeta mchele huku anaimba, na kila nikiingia jikoni anageukia dirishani, mabega yanacheza. Sitauliza tena.

Huyo mama wa mgongoni ukimwona, mpe salamu zangu. Na akikuuliza tena ni ngapi, mwambie mbili. Mwambie zote mbili zinatembea.

Mjomba wako